Programu fupi za kompyuta: Jinsi ya kuchora takwimu na kuhesabu maneno bila kupotosha

MWAKA 2013, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Marekani, Thomas Herndon, alipewa zoezi la kawaida darasani. Alitakiwa kuchagua utafiti mashuhuri wa kiuchumi, kisha arudie hesabu zake hadi afikie majibu yale yale.

Alichagua makala iliyochapishwa mwaka 2010 na maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, kuhusu uhusiano wa deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Makala hiyo ilikuwa imetajwa sana na wanasiasa wa nchi tajiri waliotaka serikali zipunguze matumizi. Kila Herndon alipopiga hesabu, majibu yalikataa kulingana.

Hatimaye waandishi walimtumia faili yenyewe. Alipoikagua aligundua kwamba fomula moja katika jedwali la Excel ilikuwa imeziacha nje nchi 5, zikiwemo Australia, Canada na Denmark. Kosa hilo, pamoja na tofauti katika uteuzi wa data na namna ya kupata wastani, lilibadilisha picha yote. Kwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, maprofesa walikuwa wamepata wastani wa ukuaji ulioshuka chini ya sufuri, asilimia 0.1. Herndon na wahadhiri wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipata ukuaji wa asilimia 2.2.

Maprofesa hao walikiri kosa la jedwali, ingawa waliitetea sehemu iliyosalia ya kazi yao. Hata hivyo, funzo lilikuwa limekwisha kutolewa: hesabu isiyoweza kufuatwa hatua kwa hatua na mtu mwingine ni hatari, hata ikipigwa na mabingwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Takwimu nazo ni mali, na daftari lake katika zama hizi ni programu fupi ya kompyuta ambayo wataalamu huiita skripti.

Skripti ni nini?

Skripti ni orodha ya maagizo machache, aghalabu mistari mitano hadi hamsini, ambayo kompyuta huyatekeleza kutoka juu kwenda chini. Agizo la kwanza laweza kuwa 'fungua faili hii', la pili 'hesabu mistari yake', la tatu 'chora grafu'. Tofauti yake na jedwali la kawaida ni kwamba katika jedwali fomula hujificha nyuma ya tarakimu, ilhali katika skripti kila hatua imeandikwa waziwazi. Anayetilia shaka jibu husoma maagizo hayo na kuyaendesha upya mwenyewe.

Majedwali yana mipaka mingine pia. Mnamo Oktoba 2020 ilibainika kuwa visa 15,841 vya maambukizi ya korona nchini Uingereza havikuingizwa katika ripoti za kila siku kwa wakati ufaao. Sababu ilikuwa matumizi ya aina ya zamani ya faili za Excel, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa, na kazi ya kuwatafuta watu waliotangamana na wagonjwa hao ikachelewa.

Lugha ambayo wanaoanza huelekezwa kwayo mara nyingi ni Python. Iliasisiwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Jina hilo halitokani na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza lililoitwa Monty Python. Lugha hiyo haiuzwi. Yeyote huipakua bila malipo, na ikishawekwa haihitaji intaneti ili kufanya kazi.

Anayejifunza kupitia vitabu vya zamani sharti awe mwangalifu. Toleo la tatu la Python lilitolewa mwaka 2008, na toleo la pili likaacha kuhudumiwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Mifano mingi iliyoandikwa kwa toleo la pili hukataa kufanya kazi katika la tatu, na mwanagenzi hujilaumu bure kwa kosa lisilo lake.

Kwa uchoraji, wengi hutumia Matplotlib, mkusanyo wa zana za Python zilizotayarishwa tayari. Ulianzishwa mapema katika miaka ya 2000 na mtaalamu wa ubongo, John Hunter, aliyetaka kuchunguza mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Hunter alifariki mwaka 2012, lakini kazi yake ingali inatumiwa na wanasayansi duniani kote. Mkusanyo huo huwekwa kando, baada ya Python yenyewe.

Kuchora sensa za Kenya

Mfano mwepesi kwa Mkenya ni sensa. Hesabu za watu zimefanywa nchini katika miaka ya 1948, 1962, 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Kwa mamilioni, idadi iliyopatikana ilikuwa 5.4, 8.6, 10.9, 15.3, 21.4, 28.7, 38.6 na 47.6. Skripti ya kuchora tarakimu hizo ni hii:

import matplotlib.pyplot as chati
miaka = [1948, 1962, 1969, 1979, 1989, 1999, 2009, 2019]
watu = [5.4, 8.6, 10.9, 15.3, 21.4, 28.7, 38.6, 47.6]
chati.plot(miaka, watu, marker="o")
chati.ylim(bottom=0)
chati.show()

Mstari wa kwanza huleta zana za kuchorea na kuzibandika jina 'chati'. Miwili inayofuata ni mithili ya visanduku viwili vyenye majina, kimoja cha miaka na kingine cha watu. Wa nne huunganisha kila mwaka na idadi yake na kuweka nukta. Wa tano huamuru mhimili wa wima uanzie sufuri, na wa mwisho huonyesha grafu. Msomaji ataona kwamba ingawa maagizo yenyewe ya Python ni ya Kiingereza, majina ya visanduku ni hiari ya mwandishi, na Kiswahili hukubalika bila tatizo.

Mistari hiyo sita inatosha kumpa mtu picha ya miaka 71. Lakini ni hapo pia ndipo mitego inapoanza, kwa sababu kompyuta hutii agizo bila kuuliza nia.

Mtego wa kwanza umo katika miaka. Kati ya sensa ya 1948 na ile ya 1962 kulipita miaka 14. Kati ya 1962 na 1969 ilipita 7 pekee. Kisha ikawa 10 kila mara. Iwapo mwandishi ataizungushia miaka hiyo alama za mtajo, kompyuta itaichukulia kuwa majina wala si tarakimu, na itaweka nukta zote kwa umbali sawa. Grafu itaonyesha kwamba ongezeko la watu lilipungua kasi baada ya 1962, kwani nyongeza ya milioni 2.3 ni ndogo kuliko ya milioni 3.2.

Ukweli ni kinyume. Milioni 3.2 kwa miaka 14 ni wastani wa watu 230,000 hivi kwa mwaka, ilhali milioni 2.3 kwa miaka 7 ni takriban 330,000 kwa mwaka. Tarakimu zote ni sahihi na hakuna aliyedanganya, lakini alama ndogo za mtajo zimegeuza kupanda kuwa kushuka.

Mtego wa pili ni mhimili wa wima. Mtu akilinganisha sensa mbili za mwisho kwa grafu ya nguzo, kisha mhimili ukaanzia 35 badala ya sufuri, nguzo ya 2019 itaonekana ndefu mara tatu na nusu kuliko ya 2009. Idadi yenyewe iliongezeka kwa chini ya robo. Mbinu hii hupendwa na wanaotaka kutisha au kujisifu, na msomaji wa gazeti hana budi kuitazama chini ya nguzo kabla ya kutazama kilele chake.

Mtego wa tatu ni kuchanganya idadi na kasi. Katika grafu hiyo mstari hupanda daima. Hata hivyo, ukitafuta asilimia ya ongezeko katika kila muongo tangu 1969, utapata 40, 40, 34, 35 na 23 kwa kukadiria. Yaani idadi ya watu inazidi kupanda, lakini kasi ya kupanda imeshuka. Anayepanga madarasa na hospitali anazihitaji grafu zote mbili, kwa maana kila moja hujibu swali lake.

Mtego wa nne hauonekani kabisa katika skripti. Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, aliyafutilia mbali yale ya wilaya 8 za kaskazini mwa nchi, zikiwemo za Turkana na Mandera, kwa hoja kwamba ongezeko lililoripotiwa halikuaminika. Mvutano huo ulifikishwa mahakamani. Katika grafu, nukta ya 2009 ni duara kama nyingine zote. Hakuna kinachomwambia mtazamaji kwamba ina ubishi ndani yake.

Suala hili si la wanahesabu pekee. Chini ya Katiba ya 2010, idadi ya watu ni kigezo cha kuweka mipaka ya maeneobunge, na imekuwa ikitumika katika fomula za kugawia kaunti fedha. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa majuma kadhaa kwa sababu maseneta hawakuafikiana kuhusu fomula hiyo. Mwananchi anayeweza kuichora mwenyewe tarakimu ya kaunti yake, na kuandika chini ya grafu maelezo kuhusu nukta yenye shaka, hategemei tena mchoro alioletewa na mwanasiasa.

Kuhesabu maneno

Kazi ya pili inayowafaa wanaoanza ni uchakataji wa maandishi. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1949 kasisi Mwitaliano, Roberto Busa, aliomba msaada wa kampuni ya IBM ili aweze kuorodhesha kila neno katika maandiko ya Mtakatifu Thomas Aquinas. Kazi hiyo ya maneno yapatayo milioni 11 ilianza kuchapishwa miaka ya sabini, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kukamilika. Leo kompyuta ndogo ya nyumbani huhesabu maneno ya kitabu kizima kwa muda mfupi mno, kwa maagizo kama haya:

import re
from collections import Counter
maandishi = open("habari.txt", encoding="utf-8").read()
maandishi = maandishi.lower().replace("’", "'")
maneno = re.findall(r"[a-z]+(?:'[a-z]+)*", maandishi)
print(len(maneno))
print(Counter(maneno).most_common(20))

Skripti hii hufungua faili iitwayo 'habari.txt', hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, hutenga maneno, kisha huchapisha jumla yake pamoja na maneno 20 yanayojirudia zaidi.

Kabla ya kuiamini, sharti ijaribiwe kwa sentensi ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa vidole. Mathalani: 'Maji ya mto ni machafu, maji ya kisima ni safi.' Sentensi hiyo ina maneno 10, na ya aina 7. Skripti inayokata maandishi penye nafasi tu, bila kushughulikia herufi kubwa wala alama za uakifishaji, itatoa aina 8, kwa kuwa kwake 'Maji' na 'maji' ni vitu viwili.

Kiswahili kina vikwazo vyake ambavyo vitabu vya Kiingereza havivitaji. Cha kwanza ni ritifaa. Mifano mingi ya kigeni hutenga maneno kwa kanuni inayoichukulia ritifaa kuwa mpaka, na ng'ombe hukatwa vipande viwili, 'ng' na 'ombe'. Ng'ambo na ng'ang'ania hupatwa na masaibu yayo hayo. Ndiyo maana skripti iliyotangulia inaruhusu ritifaa katikati ya neno, na kabla ya hapo inaibadilisha ritifaa iliyopinda iwe iliyonyooka, kwani kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti.

Kikwazo cha pili ni ngeli na viambishi. Kiingereza hubadilisha maneno mengi mwishoni, na mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni mashuhuri za kukata miisho hiyo ili maneno ya mzizi mmoja yahesabiwe pamoja. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: mtoto, watoto, kitoto, utoto. Kanuni za Porter hazina la kufanya hapo. Atafutaye 'mtoto' katika ripoti ya elimu ataikosa kila sentensi inayozungumzia watoto, kisha atangaze kuwa ripoti haikuwajali.

Kutafuta kipande cha neno nako si dawa. Atafutaye 'som' ili apate alisoma, watasoma na hawakusoma atawazoa Wasomali pia. Atafutaye 'tu' atapata watu, kitu, tumbo na Jumatu ya kila juma itakapoandikwa Jumatatu.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Wanaofundisha uchakataji wa maandishi hushauri kuondoa maneno mafupi, kwa madai kuwa hayana uzito. Katika Kiswahili, 'ni' na 'si' yana herufi mbili mbili. Sentensi 'mshtakiwa si mwizi' na 'mshtakiwa ni mwizi' zikipitishwa katika chujio hilo, zote hubaki 'mshtakiwa mwizi'. Vivyo hivyo, skripti inayokata viambishi na kuacha mzizi huona 'aliiba' na 'hakuiba' kuwa kitu kimoja. Jina la mtu laweza kuchafuliwa na programu ambayo haikukosea hata agizo moja.

Wapo waliokwisha kulishughulikia tatizo hili kwa kina. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Profesa Arvi Hurskainen alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo uitwao SALAMA wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa mujibu wa sarufi yake. Chuo hicho pia kinahifadhi mkusanyo wa matini za Kiswahili wenye maneno yapatayo milioni 25, ambao hutumiwa na watafiti. Ni fahari kwa lugha kuchunguzwa ughaibuni, lakini wenye lugha wanapaswa kuwa na ujuzi wao wenyewe wa kuihesabu.

Kuoanisha kazi mbili

Ujuzi huu wa aina mbili hukutana vizuri. Mwalimu wa shule ya upili anaweza kukusanya habari za mwaka mzima, aziweke faili moja kwa kila mwezi, ahesabu neno 'ukame' katika kila faili, kisha achore grafu ya miezi 12. Hapo pia pana tahadhari: mwezi wenye habari nyingi utakuwa na 'ukame' mwingi hata kama mvua ilinyesha. Dawa yake ni kugawanya hesabu ya neno kwa jumla ya maneno ya mwezi huo, na kuzidisha kwa 10,000, ndipo miezi iweze kulinganishwa kwa haki.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufunzia uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Aidha, siku hizi akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, huweza kumwandikia mtu skripti nzima kwa kuombwa tu. Hilo halipunguzi haja ya kujua kuisoma. Asiyejua kwa nini miaka haifai kuzungushiwa alama za mtajo, au kwa nini 'si' haipaswi kutupwa, atapokea grafu maridadi na jibu potofu, wala hatakuwa na la kuuliza.

Kwa anayeanza, kanuni chache zitamwepusha na mengi. Faili asilia isiguswe. Mabadiliko yote yafanywe katika nakala. Idadi ya mistari iliyosomwa na kompyuta ilinganishwe na idadi iliyomo katika faili, ili yasijirudie yale ya Uingereza. Jibu la kwanza lijaribiwe kwa mfano mdogo uliohesabiwa kwa mkono. Kando ya kila agizo lisiloeleweka kwa urahisi yaandikwe maelezo kwa Kiswahili, yakitanguliwa na alama ya #, ambayo kompyuta huiruka. Na baada ya yote, skripti apewe mtu mwingine aiendeshe kwenye kompyuta yake.

Akipata jibu tofauti, wawili hao wakae chini na kuisoma mstari kwa mstari. Katika Massachusetts, kazi ya aina hiyo ilianza kama zoezi la darasani, na ilitosha kurekebisha hesabu iliyokuwa imekwisha kutajwa na serikali.